ARDHI NA CHAKULA CHA WATOTO WETU

*Hotuba ya Kamati ya Tawi kwa wanachama*



Tunawatumia maneno tuliyosema kikaoni, kwa faida ya ambao hawakufika.

Milima yetu ya Uluguru inatoa ndizi, magimbi, maharage, mboga za Mgeta na matunda ya Kinole. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Sababu ni nyingi: maradhi, maji, kipato. Leo tunasemea moja: nani ana haki ya kudumu juu ya shamba.

Anayekodi shamba kwa msimu hapandi mgomba wala mchungwa, maana mwenye shamba atadhani ananyang'anywa. Anapanda mahindi, anavuna, anaondoka. Nyumbani ugali upo. Matunda na mboga mpaka pesa ipatikane.

Kwa mila ya Waluguru, ardhi ya ukoo hupita upande wa mama. Lakini siku ya kupima, shamba hilo linaweza kuandikwa jina la mwanamume peke yake. Mama anayelima na kupika anabaki mgeni kwenye shamba la bibi yake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inatulinda. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake.

Mwaka 1955 wazee wetu waliwagomea wakoloni waliowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, kwa kuwa mashamba yao yaliamuliwa bila wao. Sisi leo tuna mkutano wa kuamulia. Tusiukose.

Tunawaomba:

1. Kila mwanachama, mama na baba, ahudhurie mkutano wa kijiji.
2. Hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba la ukoo iwe na jina la mama. Shamba mlilonunua pamoja liwe na majina ya mke na mume.
3. Mwenye shamba ampe mpangaji mkataba wa maandishi wa miaka kadhaa, na wakubaliane humo kuhusu migomba na miti ya matunda.

Mfikishie na jirani asiye na simu.

Imetolewa na Idara ya Uenezi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi.