Mgeni Mpe Jembe: Kazi za Wanafunzi kwa Majirani Zao

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi ambazo wanafunzi wa shule za watu binafsi waweza kuwafanyia majirani wa shule zao. Mfano wetu ni Kimara, upande wa magharibi wa Dar es Salaam, kando ya barabara iendayo Morogoro. Walakini jambo lenyewe lahusu kila mahali palipo na shule yenye ukuta.

Shule ya namna hii ina hali yake. Watoto wake wengi hawakai mtaa ule. Asubuhi basi huwaleta, lango hufungwa. Jioni basi huwachukua. Mtoto aweza kusoma hapo miaka saba asimjue hata mama auzaye vitumbua nje ya lango. Yeye ni mgeni. Nao wazee wetu walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mithali hiyo haimfukuzi mgeni, bali yamwingiza nyumbani. Ashikapo jembe ndipo awapo mtu wa pale.

Neno hili si jipya katika nchi yetu. Mwezi wa Machi, mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake uitwao Elimu ya Kujitegemea. Alionya humo kwamba elimu tuliyoirithi kwa wakoloni iliwatenga wanafunzi na watu waliowalea, akataka kila shule iwe na shamba au karakana yake. Kisha, mwaka 1973, ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, juma kwa juma, wakasikiliza redio na kusoma vijitabu, wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Yafaa tulishike neno hilo: juma kwa juma.

Maana siku hizi twaona mara nyingi wanafunzi wakitoka siku moja tu katika mwaka. Huvaa fulana mpya, hufagia soko saa mbili, hupigwa picha, hurudi. Juma la pili taka zimejaa tena. Hatusemi kwamba siku ya usafi ni mbaya. Mwaka 2015 Rais John Magufuli aliagiza sikukuu ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, itumiwe kwa kusafisha, kwa kuwa kipindupindu kilikuwa kimezuka Dar es Salaam tangu Agosti. Lilikuwa agizo jema. Lakini mfereji uliozibuliwa Desemba, ukaziba tena Januari, hautuokoi Aprili.

Basi, wafanye kazi gani? Kwanza, mfereji. Kimara ni nchi ya vilima na makorongo. Masika yafikapo, Machi hata Mei, maji hushuka kwa nguvu na kuchukua udongo na taka. Mengine huingia katika vijito viendavyo Mto Msimbazi, nao Msimbazi hufurika Jangwani. Mfuko uliotupwa Kimara waweza kuziba njia ya maji ya mtu tusiyemjua. Wanafunzi wapewe mfereji mmoja, si mtaa mzima. Wavae viatu vya mpira na glavu, wauzibue Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, wautazame kila juma, na kuandika katika daftari waliyoyaona. Hapo somo la jiografia huonekana kwa macho.

Pili, kitabu. Tangu Januari 2016, ilipoanza elimu bila malipo katika shule za serikali, watoto wengi waliingia na madarasa yakajaa. Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kuketi na mtoto wa darasa la pili wa shule ya jirani, saa moja kila juma, wakasoma pamoja. Faida ni ya wote wawili. Maana mtoto afundishwaye kwa Kiingereza mara nyingi hukwama katika kitabu cha Kiswahili, na mwenzake mdogo humsaidia.

Lakini kabla ya yote, waulize. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwalimu aende kwa mwenyekiti wa mtaa, asikilize. Majirani wenyewe wachague kazi, na waifanye bega kwa bega na watoto. Msaada uletwao bila kuulizwa humfanya jirani kuwa mtazamaji.

Wako wazazi watakaonung'unika: "Tumelipa ada watoto wasome, si wazoe taka." Twawajibu kwa heshima. Ukuta huzuia mwizi. Hauzuii mbu wala kipindupindu. Mpishi wa shule, mlinzi na mfagizi wengi hulala mtaa ule ule, na asubuhi huja kazini na afya waliyoipata huko. Tena mtoto huyo kesho atakuwa mganga au mhandisi. Atamtibu nani, na atamjengea nani daraja, ikiwa hajapata kuzungumza na watu wanaoishi karibu na shule yake?

Walimu wenzetu, lifungueni lango. Chagueni kazi moja, ndogo, iliyo karibu, nanyi irudieni hata majirani wayajue majina ya watoto wenu, na watoto wayajue ya kwao.