Ulimi Nao Hufundishwa

Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu na wakulima mjini Tukuyu.



Nilipoombwa kuzungumza nanyi juu ya mvinyo na chakula, rafiki yangu mmoja alinicheka. Alisema kwamba hayo ni mambo ya mahoteli makubwa na ya watu wenye nafasi. Mkulima wa Rungwe yanamhusu nini? Siku ile sikumjibu. Nimekuja kumjibu leo mbele yenu, na jibu langu ni fupi. Ajuaye kuonja ndiye ajuaye thamani ya alicho nacho. Asiyejua hana budi kungoja aambiwe na mwingine.

Wako miongoni mwenu wasiotumia kileo, ama kwa dini ama kwa hiari yao. Nawaheshimu, na nawaomba wasitoke, kwani mazungumzo haya yanaanzia kwenye chupa lakini yataishia kwenye kikombe cha chai.

Mimi nilianza kuonja mvinyo Dodoma, nilikokwenda kwa kazi ya uandishi. Kabla ya hapo nilikuwa na kasumba ile ile tuliyo nayo wengi, kwamba mvinyo wa maana sharti utoke Ufaransa, Ureno au Afrika ya Kusini, na kwamba ule wa Dodoma ni wa kulewea tu. Wala sikuwahi kuuonja kwa makini hata mara moja. Nilikuwa nimetoa hukumu bila kumsikiliza shahidi.

Mkulima mmoja wa Makutupora alinitembeza katika shamba lake. Dodoma, kama mjuavyo, ni nchi kavu. Mvua yake kwa mwaka aghalabu haizidi milimita 600 hivi, wakati hapa Tukuyu tunapata zaidi ya 2,000. Kwetu sisi ukavu ni balaa, lakini mzabibu waupenda, kwa sababu unyevu mwingi huuletea ukungu na kuozesha matunda. Tena, kwa kuwa Dodoma haina majira ya baridi kali kama ya Ulaya, mzabibu haulali usingizi mrefu. Mkulima huupogoa, nao huamka na kuchipua upya, na kwa hiyo zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa Ulaya huvuna mara moja.

Baada ya shamba alinifundisha kuonja. Kwanza inua glasi kwenye mwanga uitazame rangi. Pili nusa kabla ya kunywa, kwa maana sehemu kubwa ya tunachokiita ladha huingia kwa pua. Tatu chukua funda dogo, ulizungushe kinywani, kisha unyamaze kidogo na kujiuliza maswali. Je, mate yanajaa kinywani? Huo ni uchachu. Je, ulimi na fizi zinakauka kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi? Huo ni ukakasi, nao hutokana na kitu kiitwacho tanini kilichomo katika maganda na kokwa za zabibu. Ndiyo maana mvinyo mwekundu, ambao huchachuka pamoja na maganda yake, una ukakasi kuliko mweupe.

Nilinunua chupa nne nikaja nazo Tukuyu. Ulikuwa mwezi wa Juni, na ninyi mnaijua baridi ya Juni hapa. Mwenyeji wangu, mwalimu, aliwaalika majirani, na mkewe akaandaa chakula cha nyumbani: mbasa wa kukaanga kutoka Ziwa Nyasa, ndizi zilizopikwa na nyama ya ng'ombe, maharage, parachichi na pilipili ya kusaga.

Kwa kiburi cha mwanafunzi mpya nilifungua mvinyo mwekundu nikawamiminia wote pamoja na samaki. Ndugu zangu, niliaibika. Jirani mmoja alionja, akakunja uso, akasema kwamba ni kama amelamba jembe. Naye alisema kweli. Baadaye nilisoma kwamba chembechembe za madini ya chuma zilizomo katika mvinyo mwekundu, zikikutana na mafuta ya samaki, ndizo zinazoleta ladha ile mbaya. Tukauweka kando, tukafungua mweupe mkavu wa zabibu za Chenin Blanc. Uchachu wake ulifanya kazi ile ile ifanywayo na ndimu juu ya samaki. Parachichi nalo lilipatana nao vema, kwani uchachu huyakata mafuta ya tunda hilo na kuusafisha ulimi.

Ule mwekundu tuliurudisha zamu ya ndizi na nyama. Hapo kila mtu alistaajabu. Mvinyo uliokuwa mkali dakika chache zilizopita ulilainika, kwani tanini hushikamana na protini na mafuta ya nyama badala ya kushikamana na ulimi. Tulijifunza na mengine mawili. Pilipili ikikutana na mvinyo wenye kileo kingi huwaka maradufu. Na ndizi mbivu huufanya mvinyo mkavu uonekane mchachu, kwa sababu kitamu kikitangulia, kisicho kitamu huonewa.

Hapo ndipo mzee mmoja, ambaye muda wote alikuwa akitusikiliza na hakugusa glasi, aliponiuliza swali ambalo ndilo kiini cha mazungumzo yangu.

"Mwanangu," alisema, "umetusomesha vizuri juu ya zabibu za Wagogo. Hii chai yetu umewahi kuionja?"

"Naam, tata, nimeikunywa tangu utotoni."

"Sikukuuliza kama umeikunywa."

Nilinyamaza. Mama yangu alichuma chai. Mimi mwenyewe nilibeba kikapu kabla ya kwenda shule, nikijua majani mawili na chipukizi kabla sijajua kuandika jina langu. Lakini chai niliyoijua ilikuwa ile iliyochemshwa na maziwa na sukari vijiko vitatu. Ladha ya jani lenyewe sikuijua.

Tukachemsha maji, tukaitia chai katika birika bila maziwa wala sukari. Nikaitazama rangi, nikainusa, nikazungusha funda kinywani. Ukakasi ule ule! Jamii ile ile ya tanini iliyomo katika ganda la zabibu imo katika jani la chai. Mama mwenye nyumba akaongeza maziwa kidogo, na ukakasi ukatulia, kama vile mvinyo ulivyotulizwa na nyama. Elimu niliyoifuata Dodoma ilikuwa juu ya meza ya mama yangu miaka yote.

Baada ya miezi michache nilipata nafasi ya kuingia katika chumba cha waonjaji cha kiwanda kimoja cha chai. Hupima gramu mbili za chai kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, huiacha dakika sita, kisha huvuta funda kwa kishindo na kulitema. Mwonjaji alinipa vikombe viwili. Cha kwanza kilikuwa cheupe wa ladha, changamfu, chenye rangi ya kung'aa. Cha pili kilikuwa kimepooza. Aliniambia kwamba majani ya vyote viwili yalitoka upande mmoja wa milima. Tofauti ni kwamba ya pili yalishindiliwa katika magunia, yakapata joto, yakachelewa njiani.

Ndugu wakulima, nani kati yenu amewahi kupewa vikombe viwili hivyo? Mnaambiwa kwamba majani yaliyochelewa hayafai. Mnaambiwa kwamba bei imeshuka kwa sababu ya ubora. Kwa miaka mingi chai ya Tanzania imeuzwa katika mnada wa Mombasa, uliohamishiwa huko kutoka Nairobi mwaka 1969, na huko ulimi wa mtu msiyemjua ndio unaoamua jasho lenu lina thamani gani. Mtu hawezi kubishana na hukumu asiyoielewa. Wala hawezi kumdai mwenye lori linalochelewa, ikiwa yeye mwenyewe hajaonja hasara ya kuchelewa huko.

Kwa hiyo natoa pendekezo dogo. Mahali mnapouzia majani pawekwe siku ya kuonja, hata mara moja tu katika msimu. Mwonjaji wa kiwanda aje na vikombe vyake: kimoja cha chai iliyowahi, kimoja cha iliyochelewa. Wachumaji waonje, hasa akina mama ambao mikono yao ndiyo inayochuma. Gharama yake ni kuni, maji na saa moja. Walimu nao wawaonjeshe watoto chai isiyo na sukari, wawaulize wanaona nini. Watoto watakunja uso kwanza, baadaye watajibu.

Wala msidhani kwamba hii ni elimu ya kigeni. Wazee wetu walikuwa mabingwa wa kuonja. Mzee akionja kimpumu alijua kama ulezi ulioteshwa sawasawa au uliharakishwa, na alisema waziwazi mbele ya mwenye nyumba. Tena hawakuonja peke yao. Wanyakyusa tuna neno ukwangala, yaani kula, kunywa na kuzungumza na wenzako kwa furaha na heshima. Mimi na daftari langu kule Dodoma nilijifunza nusu tu. Nusu iliyobaki nilifundishwa na jirani aliyelamba jembe na mzee ambaye hakunywa kitu.

Rafiki yangu aliyenicheka yupo hapa leo, nami namwona amekaa nyuma. Namwalika, na nyote nawaalika. Kwenye meza ile pale pana birika mbili na vikombe vya kutosha. Birika moja ina chai iliyochumwa na kufikishwa kiwandani siku ile ile. Nyingine sitawaambia. Onjeni, kisha ninyi mniambie mimi.