Nywele za Kidevuni kwa Binti wa Sekondari: Swali la Kwanza Liwe la Hedhi



Najua wapo matroni, walimu wa ushauri nasaha na wauguzi wenzangu waliotabasamu walipoiona mada hii kwenye ratiba. Tabasamu hilo ndilo wanaloliogopa watoto wetu. Binti anayejibu swali darasani huku kiganja kimeziba kidevu, anayevuta kola ya sweta hadi mdomoni jua likiwaka, anayesubiri wenzake wamalize kuoga ndipo aingie na wembe, huyo ana mzigo. Bwenini ameshaitwa "mjomba", pengine jikedume. Nyumbani ameambiwa mwanamke mwenye ndevu ana bahati ya fedha, basi ashukuru. La bwenini linamuumiza, la nyumbani halimsaidii, na yote mawili yanamfunga mdomo.

Msimamo wangu ni kwamba kabla ya wembe na kabla ya krimu, binti huyu aulizwe kuhusu hedhi yake.

Kila mwanamke ana androjeni, homoni tulizozoea kuziita za kiume. Hutengenezwa kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Binti anapopevuka huongezeka, na baadhi ya malaika laini waliokuwa usoni hugeuka nywele nene nyeusi. Kwa wengi ni urithi tu: mama anazo, shangazi anazo, na hedhi inakuja kwa wakati wake. Huyo hana ugonjwa, na anachohitaji ni kuelezwa hivyo na mtu mzima anayemwamini.

Kwa wengine nywele ni dalili. Sababu inayoongoza ni tatizo la homoni linaloitwa kwa kifupi PCOS, ambalo humpata takriban mwanamke mmoja kati ya kila kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajijui. Hapo ndipo kalenda inapofanya kazi. Mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, hedhi kupishana ni kawaida, msimtishe. Baada ya hapo hadi mwaka wa tatu, mzunguko unaopungua siku 21 au kuzidi 45 unahitaji kuangaliwa. Ikishapita miaka 3, kikomo cha juu ni siku 35. Na aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo aende hospitali, awe na ndevu au asiwe nazo.

Mtazameni shingoni pia. Ule weusi mnene, laini kama mahameli, unaokaa nyuma ya shingo na kwapani, mara nyingi hudhaniwa ni uchafu, na binti huamriwa ajisugue kwa dodoki mpaka ngozi ichubuke. Hauondoki kwa sabuni. Mara nyingi huashiria kwamba mwili hauitikii insulini ipasavyo, jambo linaloandamana sana na PCOS na linaloweza kumpeleka kwenye kisukari baadaye.

Ndevu zilizochomoza kwa kasi ndani ya miezi michache, tena sauti ikawa nzito, hizo msizisubirishe hadi likizo. Huenda kuna uvimbe kwenye ovari au kwenye tezi zilizo juu ya figo.

Neno moja kwa wanaokimbilia ultrasaundi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 hauipendekezi kwa kutambua PCOS kabla ya miaka 8 kupita tangu kuvunja ungo, kwa sababu ovari za msichana mzima kabisa zinaweza kuonekana zimejaa vifuko. Msimtie mzazi gharama ya picha itakayomtisha bure.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera zaidi: mkorogo, yaani krimu za kujichubua. Binti anaona kivuli cheusi juu ya mdomo, anadhani ni ngozi iliyoingia weusi, ananunua kijitubu dukani. Kisomeni kijitubu hicho pembeni, penye maandishi madogo. Mkikuta "clobetasol" au "betamethasone", hizo ni steroidi kali, dawa za kuandikiwa na daktari. Zikipakwa usoni kwa muda mrefu huikondesha ngozi, huleta chunusi, na huotesha nywele. Yaani anajipaka kile kile kinachomzidishia tatizo, na kila nywele zikizidi anaongeza dozi. Makopo mengine yana zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini bado vinauzwa mchana kweupe.

Kuhusu kuondoa nywele zenyewe, nitawashangaza: kati ya vyote anavyoweza kufanya peke yake bwenini, wembe safi usio wa mtu mwingine ndio wenye hatari ndogo. Eti ukinyoa zinarudi nene? Mmarekani Mildred Trotter alilipima hilo mwaka 1928, akakuta kunyoa hakubadili unene wala kasi ya nywele. Ncha iliyokatwa ndiyo huhisika ngumu kidoleni. Anyoe ngozi ikiwa na maji na sabuni, akifuata nywele zinakoelekea, asikwangue hadi mzizi, maana nywele zetu za kipilipili hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, zikaleta vipele na alama. Kushirikiana wembe ni kushirikiana damu, pamoja na virusi vya homa ya ini na UKIMWI. Kunyonyoa kwa kibano, uzi, nta ya sukari au majivu kunafaa kwa nywele chache, ila si kwa mwenye makovu yanayotuna. Krimu za kunyolea zijaribiwe kwanza mkononi, asubiri siku nzima. Anayetaka leza aulize kabla ya kulipa: kwa ngozi nyeusi mashine inayofaa ni ya mawimbi ya nanomita 1064, nyingine huunguza.

Ipo pia krimu ya eflonithini, inayopunguza kasi ya nywele bila kuziondoa. Dawa hiyo hiyo kwa sindano iliokoa wagonjwa wa malale Congo na Uganda, lakini miaka ya 1990 ilikaribia kutoweka kwa kuwa wagonjwa wake ni maskini. Mwaka 2000 ikaidhinishwa Marekani kwa nywele za usoni za wanawake, na mwaka uliofuata mtengenezaji akakubaliana na Shirika la Afya Duniani kuendelea kuitoa kwa malale. Ndevu zina soko kuliko malale. Mtajua wenyewe la kusema.

Nikirudi bwenini, ninawaomba matroni mambo matatu. Mkikuta wembe kwenye sanduku la binti siku ya ukaguzi, msiuinue mbele ya wenzake. Mwiteni faraghani, mmuulize hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Jibu likiwa na mashaka, mwandikieni barua ya kwenda kliniki wiki hiyo hiyo, na wembe wake mrudishieni.