Chumvi ya Uvinza na Vitu Viwili Vilivyomo

Leo twataka kunena juu ya chumvi.

Babu zetu wa Buha walikuwa wakishuka mpaka Uvinza wakati wa kiangazi, mito ya Ruchugi na Malagarasi ilipopungua na chemchemi za maji ya chumvi zikaonekana. Maji yale waliyachemsha katika vyungu. Wataalamu waliochimbua vigae hapo mwaka 1967 walitambua ya kuwa kazi hiyo ni ya kale, miaka zaidi ya elfu.

Lakini mbona walichemsha, wasichuje kwa nguo kama tuchujavyo pombe? Sababu yake ni ya ajabu kidogo. Chumvi imefanyika kwa vitu viwili. Sodiamu ni madini laini, hukatika kwa kisu, na ukiitia majini huchachamaa na hata kuwaka. Klorini ni hewa ya kijani-manjano, nayo ni sumu: mwaka 1915 huko Ypres, Ubelgiji, Wadachi waliifungulia adui zao vitani, watu wakafa kwa kukosa pumzi. Nasi twala vyote viwili kila siku, wala hatufi!

Chembe ya sodiamu ina elektroni 11, na ile ya mwisho haikushikwa sana; ya klorini ina 17, nayo yapungukiwa na moja. Ile hutoa, hii hupokea, na tangu hapo si zile tena. Kila moja imekuwa ayoni, hii ya chanya, hii ya hasi, nazo huvutana. Hujipanga safu kwa safu, ndiyo maana punje ya chumvi ina pembe kama sanduku. Mvutano huo hauvunjwi na moto wa jikoni, maana chumvi huyeyuka kwa nyuzi 801. Ila maji huingia kati, yakaizunguka kila ayoni, zikatengana. Basi nguo gani itazishika? Maji gramu 100 huchukua chumvi kama gramu 36 tu, na yakizidi kupungua motoni, punje huanza kujitenga. Wachemshaji wa Uvinza walikijua kiasi hicho kwa macho.

Liko jambo jingine linalotuhuzunisha. Katika nchi za milima mvua huyachukua madini joto ya udongoni. Mtu akiyakosa, hupata rovu shingoni, na mtoto aliye tumboni huweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Kwa hiyo madini hayo hutiwa katika chumvi, lakini hukaa juu ya punje tu, hayamo katika zile safu. Wako waoshao chumvi ya mawe ili iwe nyeupe. Hata sisi kwetu tulifanya hivyo zamani. Maji yale ya kuoshea ndiyo yaliyomwaga dawa. Tafadhalini, chumvi isioshwe, iwekwe penye kifuniko mbali na moshi na unyevu, na itiwe chunguni chakula kikikaribia kuiva.