Kazi ya Simu na Kazi ya Darasa: Ufundishaji Mseto na Mwanafunzi wa Mazinde

Ufundishaji mseto, yaani utaratibu wa kuendesha kozi moja kwa njia mbili, sehemu mtandaoni na sehemu darasani, huzungumzwa mno katika vyuo vikuu kama suala la mitambo, ilhali kiini chake ni swali la kielimu: kazi ipi mwanafunzi aifanye akiwa peke yake, na ipi haifanyiki ila watu wakae pamoja.

Wazo lenyewe si geni nchini Tanzania. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia takriban watu wazima milioni 2 kwa kuunganisha kipindi cha redio, kijitabu kilichochapishwa na kikundi cha majirani waliosikiliza pamoja, wakajadiliana wakiongozwa na mtu aliyepewa mafunzo, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio ilibeba yale yaliyoweza kusemwa mara moja kwa nchi nzima. Kikundi kikabeba yale ambayo redio haiyawezi, yaani kuuliza, kubisha na kuamua. Mgawanyo huo wa kazi hupotea pale mhadhiri anapopandisha maandishi yake kwenye Moodle, programu ya kuendeshea masomo kwenye intaneti, kisha akaja darasani kuyasoma yaleyale.

Hasara ya kosa hilo huonekana wazi kwa mwanafunzi anayeishi Mazinde, chini ya milima ya Usambara, kwenye ukanda wa mashamba ya mkonge wilayani Korogwe. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza masomo mwaka 1994, kina vituo vya mikoa ambako wanafunzi hukutana na wahadhiri katika vipindi vya ana kwa ana, na kwa mtu wa Mazinde kukifikia kituo cha Tanga ni safari ya kupitia Mombo, Korogwe, Segera na Muheza, nauli ikiwa ya kwenda na kurudi na siku ya kazi ikiwa imekwenda. Haifai hata kidogo safari hiyo iishie kwenye kunakili maelezo ambayo yangeweza kusomwa nyumbani.

Somo la takwimu linaonyesha vizuri mahali pa kukata. Namna ya kukokotoa mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani wake, hufundishika kwa simu, kwa sababu mwanafunzi aliyekwama kwenye hatua ya tatu huirudia hadi imwingie bila kumchelewesha mwenzake. Na maandishi yenye faili fupi ya sauti humtosha, wakati video ndefu humaliza bando kabla ya wiki kwisha. Lakini kuamua kama wastani wa mavuno unasema kweli, pale ambapo shamba moja kubwa limezizidi mbali namba za wakulima wadogo, huhitaji makundi mawili yenye majibu tofauti, kila moja likitetea lake mbele ya mhadhiri anayejua kuuliza.

Kozi ya namna hiyo humwongezea mhadhiri kazi, kwani huandaa mapema, husahihisha mazoezi ya mtandaoni na hujibu maswali ya usiku; kwa hiyo chuo kinachohesabu saa za kusimama ubaoni tu, katika mzigo wa kazi na katika upandishaji vyeo, kinamrudisha kwenye kusoma maandishi.