Kichwa cha Mkongojo: Vyuma vya Gereji na Mbao za Mibuni ya Meru

Ulaya na Marekani wapo mafundi wanaochukua tufe la shaba lililokaa juu ya vyuma vya shingoni mwa farasi wa kukokota, wakalifunga kwenye fimbo likawa kichwa cha mkongojo. Tufe hilo lina haki ya kukaa pale. Farasi ndiye aliyelima na kubeba mizigo ya nchi zile, na trekta zilipomwondoa, vyombo vyake vikabaki ghalani. Tukiagiza vyuma hivyo Arusha tutapata umbo bila maana yake. Hapa mbung'o na maradhi yalimzuia farasi. Hata Makaburu waliofika Meru mwanzoni mwa karne ya 20 walikuja na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Punda wetu hubeba madumu kwa kamba na magunia, chuma hana. Chombo kilichobeba kazi ya mji huu ni gari, hasa la utalii, na vyuma vyake vilivyochoka vimejaa gereji. Ninachodai ni kwamba mkongojo wa Arusha uvikwe chuma hicho, ila kiganja ndicho kichague kipande.

Msingi tayari tunao. Tairi kuukuu limekuwa viatu vya katambuga, na rungu la mlinzi wa Kimaasai wakati mwingine huvishwa nati kubwa. Lakini nati ina kona kwa sababu rungu ni la kupigia, na anayeegemea kona hizo ataumia kiganja kabla hajafika sokoni. Kipande kinachofaa zaidi ni boljointi, kiungo cha tufe cha gari. Ukikata ganda lake kwa grainda unapata tufe la chuma lenye shina na thredi, karibu sawa na lile la farasi. Lisafishwe grisi kwa mafuta ya taa, lipigwe msasa, kisha shina lizamishwe katika tundu la mti kwa gundi ya epoksi, na pete ya chuma izuie mti usipasuke. Chuma kilichopakwa zinki kisichomelewe, kwa kuwa moshi wake humdhuru fundi.

Kuhusu mti wa fimbo yenyewe, wauzaji watasema mgeni anataka mpingo. Ni kweli anautaka, lakini mti huo huhitaji miaka 70 au zaidi kukomaa, na tangu Januari 2017 jenasi yake yote ya Dalbergia imo katika orodha ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini. Vitu vidogo vilivyokwisha kutengenezwa vimelegezewa masharti, lakini mti wenyewe haukui haraka kwa sababu ya msamaha huo. Badala yake, Arumeru tuna mibuni mizee inayokatwa mashina ili ichipue upya. Mti wake ni mgumu, una nyuzi zilizoshikana, na leo mwingi huishia jikoni. Ukaushwe polepole kivulini kwa miezi. Ukitumiwa mbichi utapasuka pale pale kwenye tundu. Mashina mengi yamepinda, kwa hiyo fundi atachagua kwa subira, na bei lazima ilipe subira hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la heshima: mzee wa Kimeru au Kiarusha atashikaje chuma chakavu? Fimbo nyeusi ya laigwanani, yaani kiongozi wa kimila, na kifimbo cha Mwalimu Nyerere ni alama za cheo na mtu, wala sipendekezi tuziguse. Mkongojo ni chombo cha mwili, na heshima yake ni kumfikisha mzee aendako bila kuanguka. Kwa kipimo hicho hata pendekezo langu lina mpaka. Tufe la boljointi ni dogo, na asubuhi ya Julai, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, chuma huuma vidole. Kizungushiwe utepe wa ngozi. Tufe hilo linamfaa anayetembea na fimbo kwa mazoea. Anayeiegemea kwa uzito wake wote apewe kishikio cha mbao chenye upana wa kiganja, mpira chini ya fimbo, na chuma cha gari kishuke kiwe pete ya kukaza maungio.