Uongozi Penye Hatari: Tujifunze Nini kwa Askari?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana wa kujitolea katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya uongozi wakati wa moto, mafuriko na ajali. Mimi si askari wala si mzimamoto; niliyosomea ni kazi ya ualimu. Lakini jambo hili latuhusu sote. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege yenye watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na Bukoba. Watu 19 walikufa, na waliotangulia kuwafikia abiria walikuwa wavuvi. Hatari haimngoji mwenye cheo. Humkuta aliye karibu.

Nilipokuwa chuoni, usiku mmoja bweni letu lilishika moto. Ndoo zilikuwapo, maji yalikuwapo, na mikono ilikuwapo zaidi ya mia. Aliyekosekana ni mtu wa kusema, "Wewe hesabu watu, ninyi pangeni mstari wa ndoo." Kila mmoja alimwamuru mwenziwe, asimwitikie yeyote. Hakufa mtu, lakini tuliokolewa na Mungu, si na akili zetu.

Wengi husema dawa yake ni nidhamu ya kijeshi: gwaride, saluti na amri. Nami nakubali nusu. Wazimamoto wa misitu wa Marekani walitangulia kulijaribu jambo hilo. Mwaka 1957, baada ya kuchunguzwa mioto 16 ya misiba, waliandikiwa amri 10, nazo zilifuata mfano wa amri za jeshi. Hata hivyo, tarehe 6 Julai, 1994, katika mlima Storm King, jimbo la Colorado, moto ulioanzishwa na radi uliwaua wazimamoto 14. Upepo mkali ulikuwa umekwisha kutabiriwa, lakini habari hiyo haikuwafikia waliokuwa mlimani. Baadhi yao walikuwa na wasiwasi juu ya mpango wa kazi, lakini kazi ikaendelea. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika zile amri 10, amri 8 hazikufuatwa sawasawa.

Ndugu zangu, amri zilikuwapo. Kilichopungua ni uongozi.

Hapo wakarudi kwa wanajeshi na swali jingine: ninyi huwafundishaje viongozi wenu? Wakajifunza mambo matatu.

La kwanza ni kusudi la kiongozi. Kiongozi hasemi tu, "Fanya hivi." Hueleza kazi ni ipi, yafanywa kwa sababu gani, na mwisho wake uweje. Basi upepo ukigeuka na redio ikinyamaza, aliye mbali naye aweza kuamua mwenyewe bila kupotea.

La pili ni kikao baada ya kazi. Jeshi la Marekani lilianzisha desturi hii katika mazoezi yake miaka ya 1970. Kabla ya watu kutawanyika huulizana: Tulikusudia nini? Kimetokea nini? Kwa nini? Safari ijayo tufanyeje? Hapo mkubwa husikia kosa lake kutoka kinywani mwa mdogo, wala hapana kulipizana.

La tatu ni kurudi mahali pa msiba. Katika karne ya 19, maofisa wa Prussia walipelekwa kwenye viwanja vya vita ili wajifunze kuamua. Siku hizi wazimamoto hupanda mlima Storm King, husimama waliposimama wale 14, na kuulizwa: ungalikuwa wewe, nawe wajua haya tu waliyoyajua wao, ungaliamuaje?

Lakini kuna jambo moja wasilolichukua, nalo ni utii wa kufumba macho. Kijitabu chao cha mfukoni kinamfundisha mzimamoto namna ya kukataa kazi anayoiona si salama: aseme wazi kwamba anakataa, aeleze sababu, na atoe njia nyingine. Huo si uasi. Ni kumkopesha kiongozi macho asiyokuwa nayo.

Hapa kwetu lipo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lenye sare na vyeo vyake, nasi twaliheshimu. Sisi wa kujitolea hatuna haja ya kuiga sare. Yatupasa kuiga kazi. Kuanzia leo kila kikundi kichague kiongozi na msaidizi wake, na kila baada ya mazoezi kikae kikao. Na katika kikao hicho aanze kusema aliye mdogo kuliko wote. Kwa maana mkubwa akitangulia kusema, mdogo hunyamaza, na pengine yeye ndiye aliyeuona moshi kwanza.

Wazee wetu husema, sikio halipiti kichwa. Ni kweli. Lakini kichwa kisicho na sikio hakisikii moto unapokuja.